Kushuka Ngomo na pedi za sakiti

Ingia kwenye duka lolote la vipuri hapa Bukavu, kuanzia yale ya katikati ya mji mpaka vibanda vya Kadutu, useme unataka pedi za breki za mbele. Mwenye duka atauliza gari gani, la mwaka gani, kisha atatandika mezani boksi tatu za bei tatu. Ile ya ghali ataishika kwa heshima kidogo. "Hii iko original, yaya. Inakaaka sana." Yaani ni ngumu, haiishi upesi. Na sisi wateja tunaitikia, kwa sababu tumekua na imani hiyo: pedi ngumu ndiyo pedi nzuri, na ile ngumu kupita zote, ya magari ya mashindano, basi lazima iwe nzuri kupita zote.

Imani hiyo imeongezeka nyumbani kwetu tangu mtoto wa shangazi yangu anayeishi Johannesburg alipoanza kupeleka Golf GTI yake Kyalami, sakiti ya huko ya mashindano ya magari, siku ambazo inafunguliwa kwa watu wa kawaida. Video anazopiga akiwa ndani ya gari zinazunguka kwenye simu za vijana wa huku, na sasa kila mmoja anataka pedi "za sakiti" kwa ajili ya Harrier ya kupandia Panzi. Alipokuja likizo alileta seti mpya kwenye sanduku, zawadi kwa kaka yake mkubwa mwenye Subaru Forester, ambaye hufanya safari za Uvira siku ambazo barabara inapitika. Zawadi ya gharama, tena ya upendo. Mimi nikasema zisifungwe. Ubishi uliofuata pale mezani, sombe ikipoa kwenye sahani, ndio ulionisukuma kuandika, maana mbele ya shangazi huwezi kumaliza sentensi tatu za fizikia.

Hoja yangu ni moja. Swali la kumuuliza muuzaji si bei wala ugumu. Ni joto: pedi hii imetengenezwa ifanye kazi kwenye joto gani, na breki zangu mimi zinafika joto gani? Ukishajua majibu hayo mawili, boksi mbili kati ya zile tatu zinajiondoa zenyewe mezani.

Breki hazifuti mwendo, zinaugeuza kuwa joto. Chukua gari la kilo 1,500 pamoja na watu wake. Likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa na likasimama, breki zimemeza karibu kilojuli 580. Likiwa kwenye 50, ni robo tu ya hapo, kwa sababu nishati inakua kwa mraba wa mwendo. Ndiyo maana mjini, kati ya Nyawera na Place de l'Indépendance, kwenye msongamano na mashimo, pedi yoyote isiyo ya bandia inatosha. Diski, zile sahani za chuma ambazo pedi huzibana, zinazunguka zikiwa na nyuzi mia na kitu, mara nyingi hata hazifiki hapo.

Sasa shuka Uvira. Uso wa Ziwa Kivu uko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na wa Tanganyika kama mita 770. Mto Ruzizi unaporomoka tofauti hiyo yote, sehemu kubwa kabla ya kufika Kamanyola, na barabara haina njia nyingine, inaporomoka nao. Kushuka mita 690 kunaachia nishati sawa na kulisimamisha gari lilelile kutoka kilomita 100 kwa saa mara 17, na hesabu hiyo haijali kama umebeba mtu mmoja au magunia ya maharage, kwa kuwa uzito uko pande zote mbili za mlinganyo. Diski zenyewe ndizo zinazojali. Ukiongeza magunia, kilojuli zinaongezeka kila upande, lakini chuma kinachozipokea ni kilekile.

Na Ngomo, ule mteremko wa kushukia Kamanyola, ina ubaya wake wa pekee. Ni barabara ya udongo, nyembamba, kona baada ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na lori mbele yako linaloamua mwendo wa kila mtu. Unashuka kwa kilomita 30 kwa saa, pengine chini ya hapo. Kwenye mteremko wa asilimia 10, kilo 1,500 kwa mwendo huo zinaachia takriban kilowati 12 bila kupumzika. Msuguano wa tairi na udongo unakula sehemu, injini inakula nyingine ukiiruhusu, kinachobaki kinaenda kwenye breki. Kilowati 12 ni pasi 12 za umeme zimewashwa pamoja nyuma ya rimu zako, tena umeme usiokatika. Upepo wa kuzipoza haupo, kwa sababu upepo huletwa na mwendo na wewe huna mwendo.

Wengi wetu tunapita Rwanda: tunavuka Ruzizi, Kamembe, tunashuka mpaka Bugarama, halafu tunarudi Congo kwa Kamanyola. Lami safi. Nimesikia watu wenye akili zao wakisema njia ile inapumzisha breki. Inapumzisha mgongo. Urefu wa kushuka haujapungua hata mita, na kwa kuwa lami inakuita ukimbie, joto lilelile linaingia ndani ya dakika chache zaidi. Faida ya kweli ni kwamba kati ya kona na kona kuna upepo, na unaweza kukanyaga kwa nguvu mara moja kisha ukaachia, badala ya kuburuza mguu juu ya pedali kilomita baada ya kilomita.

Tuingie ndani ya pedi yenyewe. Ni bamba la chuma lenye tofali la unga juu yake: nyuzinyuzi, unga wa metali, grafiti, vitu vya kusugua na vya kulainisha, vyote vimeshikwa na resini ya fenoli na kuokwa. Tofauti za aina zinatokana na mchanganyiko huo. Pedi za ogani, zisizo na asbesto, ni laini, hazipigi kelele, zinashika vizuri zikiwa baridi na ndizo Toyota nyingi za Japani hutoka nazo kiwandani. Zile zinazoitwa seramiki ni ndugu zao, zenye vumbi kidogo na utulivu zaidi. Nusu-metali zina chuma kingi ndani, zinabeba joto vizuri, zinalia kidogo asubuhi na zinakula diski zaidi.

Resini ndiyo kamba, na kamba inaungua. Pedi ya kawaida ya mjini ikipita nyuzi 300 na kuelekea 400, resini inaanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi ile inakaa kati ya pedi na diski. Unakanyaga, pedali ni ngumu kama kawaida yake, lakini gari haliitiki. Harufu kali inaingia ndani, abiria wa nyuma anauliza nani anaunguza nini. Hiyo ni aina moja ya breki kupotea. Ya pili ni kuchemka kwa maji ya breki, yale yanayobeba nguvu ya mguu mpaka kwenye pedi: mvuke unaingia kwenye mabomba, na mvuke unabanwa, kwa hiyo pedali inalainika na kuzama mpaka sakafuni. Dereva yeyote anayeshuka milima anapaswa kuzitofautisha kwa mguu. Pedali ngumu isiyosimamisha gari, tatizo ni pedi. Pedali inayozama, tatizo ni maji, na hapo piga mfululizo ili kujenga presha, ingiza gia ndogo, tafuta upande wa ukuta wa mlima. Watu wengi hutoka kwenye mkasa wa pili wakaenda kununua pedi mpya, na mkasa unawarudia mahali palepale.

Kwa wanaopenda asili ya mambo, biashara nzima ya pedi imezaliwa milimani. Ferodo, jina ambalo bado liko kwenye boksi madukani, lilianzishwa 1897 na Herbert Frood huko Derbyshire, Uingereza, nchi ya vilima ambako mikokoteni ya farasi ilikuwa ikihangaika kushuka. Jina la kampuni ni herufi za jina lake zilizochanganywa na kuongezwa moja. Diski zilikuja kuaminika baadaye sana. Mwaka 1953 Jaguar C-Type zenye breki za diski za Dunlop zilishinda saa 24 za Le Mans, na miaka miwili baadaye Citroën ikaweka diski mbele kwenye DS, gari la kuuzwa kwa yeyote mwenye pesa.

Haya, Kyalami. Mdogo wangu, yule wa Johannesburg, anafika mwisho wa sehemu iliyonyooka, anakanyaga kwa nguvu zote, anageuka, anakanyaga gesi tena, na kabla diski haijapoa kona nyingine imefika. Mzunguko baada ya mzunguko. Diski zake zinaishi kwenye nyuzi 400, 500, zikisukumwa sana hata 600 na zaidi. Watu wa mashindano hupaka ukingo wa diski rangi maalumu zinazobadilika kwenye joto linalojulikana: ya kijani kwenye 430, ya machungwa kwenye 560, nyekundu kwenye 610. Wakirudi gereji wanasoma rangi zipi zimegeuka, na kwa hiyo wanajua pedi ipi wanunue. Hawabahatishi wala hawaulizi ipi "inakaa".

Pedi iliyotengenezwa kwa maisha hayo ina resini kidogo au ya aina nyingine, metali nyingi, na mshiko wake unapanda kadiri inavyopata joto. Iko nyumbani kwake kwenye nyuzi 400. Lakini iamshe saa kumi na mbili asubuhi kule Muhumba, baada ya mvua ya usiku, diski ikiwa na nyuzi 18. Breki ya kwanza ya siku kwa mtu wa Bukavu ni ya kutoka getini, na geti la Bukavu linafunguka kwenye mteremko, na chini ya mteremko wanapita watoto wenye mashati meupe wanaenda shule. Pale ndipo pedi ya sakiti inakuwa dhaifu kuliko ile ya dola chache. Haijashika. Itashika baada ya kukanyagwa mara kadhaa, na mara hizo kadhaa ndizo ambazo huna.

"Lakini Ngomo je?" kaka yake mwenye Forester aliuliza, na swali lake ni halali. Ngomo ina joto. Nilimjibu kwa vipande viwili. Kwanza, kabla ya kufika Ngomo kuna mji mzima, kuna Panzi, kuna Nyangezi, na safari hiyo yote pedi iko baridi. Pili, pedi yenye metali nyingi inapitisha joto nyuma yake, kwenye pistoni inayoisukuma na kwenye maji ya breki. Gari la mashindano lina mifereji ya hewa inayopuliza diski na maji yanayobadilishwa mara kwa mara. Forester ya kaka ina maji ambayo hakuna anayekumbuka yaliwekwa na nani. Ukiifungia pedi isiyokufa kwenye joto, kitakachokufa ni kinachofuata.

Kwa hiyo unajuaje pedi ni ya joto gani, kama boksi lina picha ya gari jekundu tu? Geuza pedi uangalie ukingoni au mgongoni. Kuna namba ndefu, na karibu na mwisho wake herufi mbili: EE, FF, FG, GG. Huo ni utaratibu wa Marekani wa kupanga mshiko. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi ya kwanza ni mshiko wa joto la kawaida, ya pili ni wa joto la juu. FE maana yake inashika vizuri mjini na inalegea ikichemka, na hiyo usiipeleke Kamanyola. FF inabaki ileile. Tahadhari moja: kipimo cha joto la juu kinaishia kwenye nyuzi 340 hivi, kwa hiyo herufi hizo hazisemi kitu kuhusu sakiti. Zinasema mengi kuhusu Bukavu.

Alama nyingine ni E ndani ya duara ikifuatwa na namba inayoanza na 90R. Hiyo ni idhini ya Ulaya, na inadai pedi isipishane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Haizuii mtu kuchapa alama bandia, hilo tunalijua sote tunaoishi kwenye soko hili. Ndiyo maana naangalia pia kazi yenyewe. Je, tofali limekaa sawasawa kwenye bamba, au kuna mwanya unaoingiza ukucha? Ukilikwaruza pembeni linamomonyoka? Bamba limepakwa rangi juu ya kutu? Pedi mbili za boksi moja zina namba moja? Kuna mafundi wanaobandika tofali jipya kwenye bamba la zamani, na kwa viatu vya breki za ngoma za nyuma kazi hiyo ikifanywa vizuri siibishii. Kwa pedi za diski za mbele, zinazobeba sehemu kubwa ya kazi na zaidi bado ukiwa unashuka, siikubali hata kwa bure. Tofali likijitenga na bamba kwenye kona, hakuna pedali itakayokusaidia.

Na tafadhali, vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa. Pedi za zamani na baadhi ya zile zisizo na jina zinaweza kuwa na asbesto. Kitambaa chenye maji kinatosha. Nawaona vijana wa gereji wakipuliza huku wakiimba, mdomo wazi.

Kuhusu diski nitakuwa mkali. Vijana wanataka zenye matundu. Zinapendeza kweli, hasa rimu ikiwa kubwa. Matundu yalikuwa na maana enzi pedi zilipokuwa zinatoa gesi nyingi. Leo kazi yake kubwa ni sura na kupunguza uzito kidogo, na kwenye diski ya bei nafuu iliyotobolewa tu baada ya kumiminwa, ufa huanzia kwenye tundu. Zenye mifereji ni bora zaidi, zinafuta vumbi na gesi, ila zinakwangua pedi upesi na zinavuma. Mdogo wangu mwenyewe, baada ya video zote zile, anatumia diski tambarare za kawaida. Kwake diski ni kitu cha kuliwa kama tairi: nyufa ndogo za juu juu anazivumilia, ufa ukifika ukingoni anatupa na kununua nyingine. Diski za kaboni na seramiki, zile Porsche ilizoanza kuweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001, tuziachie wenye nazo.

Kinacholeta tofauti kwenye mteremko wetu ni uzito wa chuma na hewa ndani yake. Diski ya mbele iwe ya tabaka mbili, yenye mapezi katikati yanayovuta hewa kutoka kitovuni na kuitupa nje. Chuma cha kijivu cha kumiminwa kimependwa miaka yote kwa sababu grafiti iliyomo ndani yake inasambaza joto na kumeza mtetemo. Na kila diski ina namba ya unene wa chini kabisa, imegongwa ukingoni au kwenye kofia yake. Fundi akikwambia ataikereza iwe mpya, mwambie apime kwanza. Diski iliyokerezwa chini ya namba ile ina chuma kidogo cha kupokea joto. Mjini hutaona kitu, utaona Ngomo.

Hapo hapo kuna ile kauli ya gereji zote: "diski imepinda." Usukani unatetemeka ukikanyaga breki, kwa hiyo imepinda. Mara nyingi haijapinda. Kilichotokea ni kwamba utando wa pedi umebaki kwenye diski kwa mabaka, au diski ilifungwa juu ya kutu ya kitovu ikakaa mshazari kwa upana wa unywele, na kwa maelfu ya mizunguko ikalika upande mmoja. Safisha kitovu kwa brashi ya waya kabla ya kufunga. Kaza nati za tairi kwa msalaba, kwa nguvu sawa, si moja mpaka mwisho halafu nyingine. Na ukifika chini, Kamanyola, breki zikiwa zinanuka, usisimame na mguu umekandamiza pedali wala usivute breki ya mkono papo hapo. Tembea polepole kidogo kwenye tambarare mpaka zipoe. Kuzimwagia maji, kama wafanyavyo wengine kwa fahari, ni njia ya hakika ya kupasua chuma.

Maji ya breki hayana sura ya kupiga picha, ndiyo maana hayazungumzwi. Yanavuta unyevu kutoka hewani, na Bukavu tuna unyevu wa kugawa, mvua kuanzia Septemba mpaka Mei. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye angalau nyuzi 205, lakini yakishavuta unyevu yanashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Tazama pengo lile: DOT 4 ya miaka mingi ni mbovu kuliko DOT 3 ya jana. Chupa iliyofunguliwa na kukaa rafuni nusu mwaka haina thamani, hata kama bado imejaa. Badilisha kila miaka miwili, na ikiwa unashuka Uvira kila mara, kila mwaka. Usichanganye na DOT 5 tupu, ambayo ni ya silikoni na haipatani na hizo nyingine. Ya mashindano, kama Motul RBF 600 inayochemka kwenye 312 ikiwa mpya, inafanya kazi kwenye gari la kawaida pia, ila lazima ukubali kuibadilisha mapema.

Mwinuko wenyewe unatuibia kidogo. Kifaa cha kusaidia mguu kinafanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la injini, na kwenye mita 1,500 hewa ina presha pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na pwani. Kwa hiyo gari lilelile linataka mguu mzito zaidi hapa kuliko Mombasa. Hilo unalizoea. Usilozoea ni hili: dereva wa teksi anayezima injini na kuachia gari literemke lenyewe ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, ombwe lililobaki linatosha kukanyaga mara mbili au tatu, baada ya hapo unasukuma ukuta. Na umetupa breki bora kuliko zote, ambayo ni injini. Gia ambayo ungepandia ndiyo gia ya kushukia. Otomatiki nazo zina L, zina 2, nyingi zina kitufe cha kuzima gia ya juu. Vitu hivyo havikuwekwa kwa mapambo.

Ukitaka ushahidi, nunua kile kipimo cha bastola, cha aina tuliyoelekezewa kwenye paji la uso mpakani wakati wa Ebola na Korona. Si kilekile cha hospitali, kile kinaishia kwenye homa. Cha mafundi kinasoma mpaka mamia ya nyuzi. Shuka mara moja kwa mguu, pima diski. Shuka siku nyingine kwa gia ya pili, pima tena. Kaka alifanya hivyo, na kipimo kilimshawishi kuliko mimi.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa pia, na gereji chache zinamwambia mteja hivyo. Barabara ya Kavumu, asubuhi kabla haijajaa, inafaa: punguza mwendo kutoka 80 hadi 20 mara nane au kumi, kwa mkanyago wa wastani, bila kusimama kabisa, kisha endesha bila breki mpaka zipoe. Utando mwembamba wa pedi unahamia kwenye diski, sawasawa pande zote, na huo utando ndio unaoshika.

Forester hatimaye ilifungwa diski tambarare za tabaka mbili zenye unene kamili, pedi za FF zenye alama zote, na DOT 4 iliyofunguliwa mbele ya macho yetu. Hakuna cha kupigia picha. Bei yake yote ilikuwa chini ya ile seti ya zawadi peke yake. Kwa mtu anayeshuka na mzigo kila wiki ningeongeza ngazi moja, pedi za barabara za mwendo mkali kama Ferodo DS2500, ambazo zinashika zikiwa baridi na zinastahimili joto kuliko za kawaida. Zinalia kidogo na zinakula diski, na kwa barabara ile ni bei ya haki.

Seti ya sakiti ilirudi Johannesburg kumtafutia mnunuzi mwenye Subaru. Mdogo wangu ana yake, na alikuwa anaendesha nayo kila siku mpaka ofisini, akilalamika kwamba inapiga kelele na vumbi lake linaozesha rimu. Sasa ana seti mbili. Za barabarani zinampeleka Kyalami, anazibadilisha palepale, mzunguko wa kwanza anautumia kuzipasha moto na wa mwisho kuzipoza bila kugusa breki, kisha anarudisha zile za barabarani kabla ya kutoka getini. Ni kazi ya saa moja kwa mwenye jeki nzuri. Kila pedi ameiandika mgongoni kwa kalamu ya wino mzito, kushoto ndani, kushoto nje, kulia ndani, kulia nje, kwa sababu pedi iliyokwisha kulika upande mmoja ikifungwa upande mwingine haikai bapa kwenye diski.